Usukani wa Kidole Kimoja

Usukani wa gari letu ulikuwa mpana kama ungo, mweusi, umepasuka kwa jua, na mume wangu aliuzungushia kamba ya katani penye mipasuko ili usimkate viganja. Gari likiwa limesimama, hapakuwa na mtu mwingine wa kuugeuza. Vijana wa pale Mbinga walikuja kujaribu kama watu wanavyojaribu kunyanyua jiwe la kusagia. Wanavuta, wanauma meno, mishipa ya shingo inatoka, na gurudumu halisogei hata upana wa ukucha. Mume wangu anacheka, anapanda, anatanguliza bega la kulia, anajipinda kiuno chote kama mtu anayekamua blanketi, na gurudumu linageuka likisaga kokoto.

"Hili halitaki ubishi," anawaambia. "Linataka ugali."

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu hata wakati huo. Lilikuja na wamisionari nikiwa bado msichana, na walipoletewa jipya walimwachia yeye kwa bei ya kuagana, maana ndiye aliyekuwa dereva wao na hapakuwa na mwingine wa kuliweza. La Kiingereza, pua fupi, taa za duara, nyuma tukalijengea bodi ya mbao. Siku hizi liko uani, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na wageni wanaopita wanaomba kulipiga picha. Wananiuliza kama kila kitu chake ni cha asili. Nawaambia kila kitu, isipokuwa mtambo wa usukani. Wanasikitika kidogo, wanapiga picha zao, wanaondoka. Hawajui kwamba wa kusikitika ni mimi.

Majina ninayo yote. Shule niliishia darasa la nne, lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki: la fundi, la baba wa fundi, la kila mama aliyepanda na ndoo yake ya dagaa na la mtoto aliyekuwa mgongoni kwake. Ila jina la mume wangu sikulitaja akiwa hai, naona si adabu kulianza sasa, na nikimsitiri yeye siwezi kuwaanika wenzake. Kila mtu nitamwita kwa kazi yake au kwa udugu wetu.

Mimi ni Mnyasa wa Liuli, mtu wa ziwa, Mwanglikana. Yeye alikuwa Mmatengo wa milimani, Mkatoliki, mtoto wa mashimo ya ngoro, yale wanayochimba na kulimia kwenye miteremko ya kwao. Hayo ya dini yalikuwa na kesi yake, ikaisha. Ninachotaka kueleza ni siku alipokuja kwetu mara ya kwanza kujionyesha. Mama yangu alimtengea ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchemsha. Nyumbani kwa mama palikuwa na desturi: mgeni akikaribishwa chakula mara ya kwanza hukataa. Husema, "Nimeshiba, mama." Mwenyeji humwacha kidogo, huzungumza mengine, kisha humkaribisha mara ya pili, na hapo ndipo mgeni hunawa mikono. Karibu ya kwanza ni ya mdomo, mama alikuwa akisema, ya pili ndiyo ya moyo. Ukimkaribisha mtu mara moja ukanyamaza, umekwisha kumwambia kwamba hukutaka ale.

Kijana wa watu hakujua. Mama alisema, "Karibu, baba," naye akasema, "Ahsante," mkono ukawa umeshafika kwenye bakuli. Shangazi zangu walikimbilia jikoni kucheka.

"Huyu kaja na njaa ya mlima mzima!"

"Mwulizeni kama huko kwao kuna samaki au wanakula mashimo."

Mama alimtetea. "Mwacheni. Anayekula karibu ya kwanza hana hila." Lakini aibu ilimwingia, na tangu siku ile hakukosea tena. Hata nyumbani kwetu wenyewe, watoto wamekua, nikimwambia, "Baba, karibu chakula," atasema ameshiba, atanitazama kwa pembe ya jicho, atasubiri ya pili. Ulikuwa mchezo wetu. Sikuwahi kuisahau ya pili, hata tukiwa tumegombana.

Ikaja ile miaka ya ruksa. Mitumba ikamwagika mnadani, sabuni zikarudi madukani, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milimani na mizani zao, kila mmoja akimhimiza mkulima asimsubiri mwenzake. Zamani kahawa ilisubiri chama cha ushirika, na chama kikikawia kahawa nayo ilikawia, watu wakakaa. Sasa kila mtu alikuwa na haraka, na mwenye gari alikuwa kama padre siku ya Jumapili: wote wanamngoja yeye. Mume wangu alibeba kahawa kutoka vijiji ambavyo hata wewe wa Mbinga ungeuliza viko wapi, akishuka ziwani anarudi na magunia yangu ya dagaa, kesho anaanza tena. Barabara yenyewe ni ya kona juu ya kona, na kila kona aliikata kwa bega lile lile.

Bega likachoka. Hakusema. Mimi nilijua kwa chakula. Siku moja nilimwona anapeleka tonge mdomoni, mkono ukagoma katikati ya njia, akainamisha kichwa kulifuata tonge kama kuku anavyofuata punje. Baadaye nikamfuma jikoni anakula kwa mkono wa kushoto. Mtu mzima, baba wa watoto, anakula kwa kushoto na mlango ameurudisha. Akaacha kwenda kula na ndugu zake. Kwa Wamatengo wanaume wa ukoo mmoja walikuwa na sengu yao, wanakusanyika kwa mkubwa wao, wanakula sinia moja na mambo yote ya ukoo yanazungumzwa hapo. Mume wangu hakuwahi kukosa. Sasa kila siku alikuwa na sababu: gari lina pancha, mguu unauma, amechelewa. Shemeji yangu, mdogo wake, akaja kuniuliza kama nimemkataza.

"Nimkataze kula kwao, mimi nani?"

"Wanyasa mnajua wenyewe. Labda umemzoesha dagaa, sinia yetu anaiona haina macho."

Tulicheka, lakini sikumwambia kweli. Nilimsihi mume wangu mpaka akakubali kwenda hospitali ya misheni kule ziwani. Wakamlaza, wakamfunga mkono kifuani, wakamwambia asiguse usukani mpaka msimu wa kahawa upite. Gari likabaki uani kwangu, pua imeelekea barabarani, na wenye kahawa wanapita kuuliza.

Fundi alikuwa kijana wa Kiislamu ambaye babu yake alipanda kutoka pwani kuja kufungua duka. Gereji yake ilikuwa nyuma ya soko. Alikuja kumwulizia mgonjwa, akazunguka gari, akaupigapiga usukani kwa kiganja.

"Shikamoo, mama. Mzee anaendeleaje?"

"Marahaba. Mkono umefungwa kifuani kama mtoto mchanga."

"Aliyemfunga ni huyu hapa. Mama, magari ya sasa hayaendeshwi kwa bega. Yanaendeshwa kwa mafuta."

Akanieleza. Kuna gari la Kijapani la mnunuzi mmoja wa kahawa lilipinduka njia ya Litumbandyosi, mwenyewe alitoka mzima, gari likafa. Fundi alikuwa amenunua mzoga ule, na stelingi yake ilikuwa ya pawa. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, oili ndiyo inayogeuza magurudumu. "Mzee kazi yake itakuwa kuonyesha njia tu," akasema.

Nikauliza kama itakaa kwenye gari la zamani namna hii. Akasema chuma ni chuma, kinakubali ukikibembeleza.

Ningeweza kwenda kumwuliza mwenye gari. Magari ya kushuka ziwani hayakuwa haba siku zile, na kila juma nilikuwa natuma mtu na chakula chake. Nilituma chakula, habari ya usukani sikuituma. Nilijiambia kwamba hii ni zawadi, na zawadi haiulizwi. Nilijiambia pia kwamba nikimwuliza atakataa, na akikataa atarudi kulivunja bega lile lile, na atakula kwa kushoto mpaka kufa. Vyote viwili vilikuwa kweli. Ndiyo maana mpaka leo sijui nijilaumu kuanzia wapi.

Kazi haikuwa ya haraka. Lile boksi la stelingi la zamani, lililofungwa kwenye chasisi, lilitoka kwa nyundo na maneno mabaya, zito kama kichwa cha ng'ombe, limejaa grisi nyeusi ya miaka. Fundi alilisukuma kwa mguu pembeni. Nguzo ya usukani ikawa ndefu mno kwa boksi jipya, akaikata, akaiunga. Puli ya injini yetu ilikuwa na mfereji mmoja tu wa mkanda, na pampu ilitaka mkanda wake, basi puli nyingine ikachongwa Songea. Breketi ya kushikilia pampu aliichomelea kutoka chuma cha kitanda kilichovunjika. Nikamwambia, "Gari la misheni linatembea na kitanda ndani, wakisikia mapadre!" Akasema nisiwe na wasiwasi, ni kitanda cha mtu mmoja.

Siku ya mwisho alinyanyua gari mbele juu ya magogo, magurudumu yakawa yananing'inia. Akamimina oili, akawasha injini.

"Mama, panda unisaidie. Kuna upepo umeingia kwenye mafuta, lazima utoke. Wewe zungusha tu, kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho."

"Mimi? Nitauweza wapi huo?"

"Panda, mama."

Nilikuwa sijawahi kukaa kiti kile. Mahali pangu palikuwa kushoto, na dagaa miguuni. Nilipanda nikajifunga kanga vizuri, nikaushika usukani kwa mikono miwili, nikakaza meno kama nilivyowaona vijana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Usukani ulikimbia. Nusura nidondoke mlangoni. Fundi alikuwa chini anacheka.

"Polepole! Kidole kimoja kinatosha. Ukitaka, tumia pua."

Nikajaribu kidole. Kidole hiki hiki cha shahada ninachoonyeshea wajukuu. Nikakiingiza kwenye mkono wa usukani, nikauzungusha, na chini yangu magurudumu yale makubwa yakageuka kama watoto walioitwa. Kulia mpaka mwisho. Kushoto mpaka mwisho. Oili inatoa povu kwenye kikopo chake, pampu inalia kama mbuzi, kisha sauti ikatulia. Fundi akasema, "Basi, mama, upepo umetoka." Mimi nikaendelea. Akarudia, "Imetosha." Nikazungusha tena mara nyingine na nyingine, sijui nilikuwa natafuta nini. Ninachojua ni kwamba niliposhuka nilikuwa nimesahau kwamba nilikuja pale kwa ajili ya bega la mtu.

Mume wangu alirudi na lori la watu, mkono umefunguliwa, amenenepa kidogo. Nikampeleka uani.

"Baba, nimekuandalia zawadi."

Akapanda. Akaweka mikono yake mahali pake pa zamani, kwenye kamba ya katani. Akatanguliza bega kwa mazoea, na usukani ukamponyoka. Akausimamisha. Akaugeuza tena, taratibu. Mimi nimesimama pale nasubiri afurahi kama mtoto anavyosubiri pipi. Akainamisha kichwa karibu na usukani, kama mtu anayesikiliza nyumba yenye mgonjwa.

"Barabara iko wapi?" akasema.

"Barabara gani?"

"Zamani nikishika hapa naisikia. Jiwe nalijua, tope nalijua kabla sijaliona. Sasa nashika kitu kimelala."

Kisha nadhani aliuona uso wangu. Akasema, "Ahsante, mama. Umefikiria vizuri. Nitazoea."

Hakuzoea. Safari ya kwanza alikuwa amebeba kahawa ya masalio ya msimu, shemeji yangu amekaa juu ya magunia, mimi mbele kushoto. Tukafika kona moja kali, mteremko, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili mashamba ya ngoro yanashuka bondeni. Kona ile aliijua tangu ujana. Mwili wake ukafanya ulichozoea: bega likaenda mbele, kiuno kikajipinda, akaukata usukani kwa nguvu ya miaka yote. Lakini hapakuwa na kitu cha kupambana nacho. Usukani ulizunguka wote, gari likaruka barabara likaingia shambani, tukapiga mashimo matatu ya maharage ya watu na kusimama tumeinama.

Hakuna aliyeumia, nashukuru. Magunia mawili yalipasuka na kahawa ikajaa kwenye mashimo kama imepandwa. Mwenye shamba akaja anakimbia na jembe, akakuta ni mume wangu, jembe likashuka lenyewe. "Wewe?" akasema. "Wewe hapa?" Hakuna tusi lililomchoma kama hilo. Shemeji yangu akateremka anajifuta vumbi, anatetemeka, na mtu akitetemeka hutafuta mzaha.

"Kaka, mlima huu umeupita ukiwa umelala usingizi. Leo umelishwa nini? Au siku hizi gari linaendeshwa kwa kidole cha mke wako?"

Mume wangu alicheka pamoja na wote. Tukaokota kahawa mpaka jua likainama. Alipolirudisha gari barabarani alishuka, akanipa ufunguo nimshikie, akasema aitwe fundi alipeleke nyumbani. Ufunguo ule hakuuomba tena.

Tulimweka dereva wa kuajiriwa, akatuibia dizeli. Tukaweka wa pili, akawa mlevi. Ndipo jioni moja mume wangu akasema, kama mtu anayesema chumvi imekwisha, "Kwa nini usiendeshe wewe? Usukani huo ni wa saizi yako."

Akanifundisha mwenyewe. Alikaa mahali pangu pa zamani, mimi pake, tukazunguka uwanja wa mnada siku zisizo na mnada, na wanawake wakiacha ndoo kisimani kuja kutazama. "Usishike kama unasonga ugali!" ananiambia. "Gari halina madonge." Au nikikwaruza gia: "Mnyasa, hapo umevua nini?" Alikuwa mwalimu mvumilivu. Hakunipigia kelele hata nilipogonga goli la watoto wa shule. Leseni niliipata, nayo ina hadithi yake. Basi nikaanza kushuka ziwani na kupanda, mwanamke na kanga yake, dagaa nyuma, watu wananipungia mkono tangu mbali. Mama zangu wa Liuli walipiga vigelegele mara ya kwanza niliposimamisha gari ufukweni. Nilifurahi mno. Kwenye kona ile ya ngoro nilikuwa nakata kwa kiganja kimoja, na wakati mwingine, Mungu anisamehe, kwa kidole.

Mwanzoni alifuatana nami. Nikigeuza macho kidogo naona mikono yake iko magotini, na kila kona inapokuja mikono inageuka, bega linatangulia, kiuno kinajipinda. Mwili wake ulikuwa unaendesha gari lisilokuwepo. Baadaye akaacha kuja. Bega lilipona kabisa, akarudi kula sengu na ndugu zake kwa mkono wa kulia, kama nilivyotaka. Lakini shemeji aliniambia kwamba siku hizi kaka anakula, ananawa, anaondoka. Zamani yeye ndiye aliyewashikilia pale kwa habari za barabarani: daraja gani limekatika, nani kafiwa wapi, bei ya kahawa kijiji gani. Sasa habari hizo nilikuwa nazo mimi, na mimi sikai sengu.

Nikaamua. Nilikwenda gereji nikamwuliza fundi lile boksi la zamani liko wapi. Lilikuwa mlangoni, amelifanya la kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Naweza kulirudisha, mama," akasema. "Sehemu zote ninazo, ile nguzo tutaiunga tena. Lakini ujue jambo moja. Likirudi, wewe hutaligeuza. Itakuwa yeye au wewe."

Nilijua. Nilibeba boksi lile kwenye beseni kichwani, nikalipangusa, na baada ya chakula nikaliweka mbele yake juu ya mkeka. Akaingiza vidole kwenye mhimili wake, akauzungusha, na kile chuma kikatoa sauti yake ya kusaga, ndogo, tunayoijua wawili tu.

"Baba," nikasema, "stelingi yako hii. Turudishe? Ukae mahali pako?"

Akasema, "Iache tu. Na wewe utaendeshaje?"

Kisha akanitazama kwa pembe ya jicho.

Hapa ndipo ninapopaona kila siku. Wapo wasiojua desturi za kwetu, wangesema mwanaume ameulizwa na amejibu, mambo yameisha. Lakini mimi ni mtoto wa mama yangu. Niliijua karibu ya kwanza na niliijua ya pili, na yeye alizijua kwa sababu alijifunza kwa aibu mbele ya shangazi zangu. Alikuwa amesema ameshiba. Alikuwa anasubiri. Aliendelea kuzungusha mhimili ule taratibu, kulia, kushoto, ananipa nafasi, na mimi mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu, maneno yenyewe ni mafupi. Nikaona kona ile. Nikaona ufukwe wa Liuli na wanawake wanapiga vigelegele. Nikainuka nikakusanya vyombo.

Alilichukua boksi akaliweka chini ya kitanda. Mara kwa mara nilimsikia analipaka mafuta. Hakulizungumzia, na mimi sikulizungumzia. Mchezo wetu wa chakula uliendelea vile vile. Nikimkaribisha mara ya kwanza anakataa, nikimkaribisha ya pili ananawa. Ilikuwa kama hakuna kilichotokea, isipokuwa mimi kila nikisema ile ya pili, nilikuwa naangalia bakuli, si uso wake.

Miaka ikaenda hivyo. Alipoumwa kifua, ule ugonjwa wa mwisho, akataka apelekwe hospitali ile ile ya ziwani, akisema hewa ya kwetu anaipenda. Mimi ndiye niliyemshusha. Binti yetu mkubwa alikaa nyuma na magodoro, baba yake akakaa mbele nami, amejifunika blanketi mpaka kidevuni. Tukafika pale juu kabisa kabla barabara haijaanza kushuka, ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, limelala kama shuka lililoanikwa. Pale alikuwa na kawaida ya kusimama, tangu zamani, apoze breki. Nikasimama. Injini inanguruma.

Sikuwa nimepanga. Nilisema tu, "Baba, karibu usukani."

Akageuza kichwa, akanitazama vile vile, kwa pembe ya jicho.

"Hiyo ni ya kwanza au ya pili?"

Kumbe alikuwa akihesabu.

"Ya pili," nikasema.

"Imechukua muda kuiva."

"Nisamehe, baba."

Alitoa mkono wa kulia kwenye blanketi, ule wenye bega, akaunyoosha mpaka kwenye usukani, akaingiza kidole kimoja. Akauzungusha kidogo. Kulia. Kushoto. Tukahisi magurudumu ya mbele yanageuka kwenye kokoto bila kelele. Akarudia, na uso wake ukawa kama wa wale vijana wa Mbinga, ila wao waligundua uzito.

"Na hivi ndivyo ulivyokuwa unaendesha siku zote?"

"Hivi hivi."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, binti akagonga kioo cha nyuma kuuliza kuna nini. Akampungia kwamba ni salama. Kisha akaniambia, "Kwa utamu huu, Mnyasa, hata mimi nisingeirudia ile karibu."

Watoto wangu nikiwasimulia wanasema hayo yalikuwa maneno ya msamaha. Inawezekana. Mimi nilichosikia ni kwamba alikuwa anajua, tangu ule usiku wa mkekani mpaka siku ile, na kila siku alikula chakula changu akijua.

Akarudisha mkono kwenye blanketi. "Haya, shuka. Gia ya pili, usiishike breki mpaka nikwambie."

Tulishuka naye. Kupanda, sikupanda naye. Lakini nakumbuka tulivyoshuka: mikono yake miwili juu ya magoti, chini ya blanketi, inaikata kila kona kabla yangu, bega linatangulia kama zamani, na mimi pale kulia, na kidole changu, naifuata.